Filimbi hufunga fundo, ngoma hulifungua: kisa cha jinyangjo

Ukumbi ni wa watu mia hivi, hafla ni ya kumkumbuka marehemu, na muziki umepewa dakika nane. Wapigaji ni wawili. Mmoja anapuliza daegeum, filimbi ndefu ya mwanzi ya Korea inayoshikwa kwa ubavu. Mwenzake ameketi sakafuni na janggu, ngoma yenye kiuno chembamba na ngozi mbili, moja kila upande. Wamechagua jinyangjo, sehemu ya kwanza na ya polepole kuliko zote katika sanjo, muziki wa Korea wa ala moja ya mahadhi na ngoma moja, kwa kuwa inajulikana ndiyo inayoliza watu. Noti zinatoka sawasawa, hesabu haipotei hata mara moja. Wanamaliza, wanapigiwa makofi ya adabu, watu wanatoka wakizungumza mambo ya usafiri. Hakuna aliyeguswa.

Kisa cha namna hii hujirudia, hasa wapigaji wanapokuwa wamepitia shule za muziki wa Kizungu kabla ya kuingia katika huu. Ukiwauliza wenyewe watasema hawakuweka hisia ya kutosha. Si kweli. Waliweka hisia kupita kiasi, tena mahali pasipo pake. Huzuni ya jinyangjo ni kazi ya mikono na pumzi, ina vipimo, na ikikosekana inaweza kutafutwa hatua kwa hatua mpaka ijulikane ilipotelea wapi.

Fundo linakotoka

Sanjo ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika eneo la Jeolla, kusini-magharibi mwa rasi ya Korea. Kim Chang-jo (1865–1919) hutajwa kuwa ndiye aliyeipa umbo kwa gayageum, ala ya nyuzi 12, miaka ya 1890 hivi. Baadaye ikahamia kwenye ala nyingine. Kwa upande wa daegeum, sifa ya uanzilishi hupewa Park Jong-gi, mtu wa kisiwa cha Jindo. Mpangilio haujabadilika tangu hapo: ala moja ya mahadhi, ngoma moja, basi. Mwaka 1971 serikali ya Korea Kusini iliiingiza sanjo ya daegeum katika orodha ya urithi wa taifa, namba 45.

Jindo hapa si jina la kupita. Kisiwani humo mtu akifa huweza kufanyiwa ssitgimgut, ibada ya kumwosha marehemu, ambayo nayo imo katika orodha hiyo tangu 1980, ilipopewa namba 72. Nguo za marehemu huviringishwa ndani ya mkeka, mkeka husimamishwa kama mtu, kisha huoshwa kwa maji ya majani ya dawa, kwa maji ya ubani, na mwisho kwa maji matupu. Kuna hatua iitwayo gopuri, ambapo kitambaa cheupe kirefu hupigwa mafundo, na mwendesha ibada huyafungua moja baada ya jingine kwa kukitikisa. Kila fundo ni uchungu aliouacha marehemu bila kusuluhishwa. Mswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana sisi wenyewe husema fulani ana fundo moyoni. Karibu na mwendesha ibada huketi wapiga ala, daegeum na janggu zikiwamo, wakiifuata sauti yake. Mahadhi ya sanjo ya filimbi yalijifunza kulia humo.

Kwa hiyo kazi ya wawili wale ukumbini haikuwa kusikitika mbele za watu. Ilikuwa kufunga fundo na kulifungua, mara nyingi, ndani ya dakika nane. Fundo hufungwa na filimbi. Anayelifungua ni ngoma. Walipokosea ni hapo tu, mengine yote ni matawi.

Ubeti wa mishororo minne

Mzunguko mmoja wa jinyangjo una hesabu 6, na kila hesabu hugawika vipande vitatu vidogo, kwa hiyo vipande 18 kwa jumla. Mizunguko minne huunda kundi la hesabu 24. Msomaji aliyezoea tarbia ataelewa upesi akiuita mzunguko mmoja mshororo, na kundi zima ubeti. Mwendo wa hesabu 36 kwa dakika ni wa kawaida: mshororo unachukua sekunde 10, ubeti sekunde 40. Dakika nane ni beti 12.

Kila mshororo una jina la kazi yake: milgo, dalgo, maetgo, pulgo. Kusukuma, kuning'iniza, kufunga fundo, kufungua. Wa kwanza unaisogeza sauti mbele. Wa pili unaiacha ikining'inia bila kuamua. Wa tatu unaikaza, mara nyingi kwa kuipandisha juu au kuing'ang'aniza kwenye noti ngumu. Wa nne unaiachia. Mshororo wa nne usiposikika kuwa umeachia, msikilizaji anabaki na mafundo yamelundikana, na baada ya beti tatu sikio lake linachoka, linaacha kufuatilia. Hilo ndilo lililotokea ukumbini. Watu hawakukosa huzuni kwa sababu ilikuwa ndogo, walichoshwa nayo.

Mtu mwenye nia ya kupiga sanjo asiyachukue maelezo haya kama reli. Mahadhi hayafuati ubeti kila mara. Zipo sentensi za filimbi zinazoruka mpaka wa mshororo wa nne, na zipo sehemu ambazo mishororo haigawanyiki kwa nne kabisa. Mpiga ngoma asiyeyajua mahadhi ya mkondo unaopigwa atafungua fundo ambalo bado halijafungwa. Mikondo ya daegeum ina majina ya waalimu wake, kwa mfano Han Beom-su, Seo Yong-seok, Yi Saeng-gang, na inatofautiana kwa urefu na kwa mpangilio. Kusema tu «tupige jinyangjo» bila kutaja mkondo ni kama kumwambia mpishi apike wali bila kusema ni wa nazi au pilau.

Ngoma iliyosema mno

Janggu ina sauti mbili zilizo mbali kabisa. Upande wa kushoto ngozi ni nene, na katika muziki wa ndani hupigwa kwa kiganja kitupu. Sauti yake ni ya chini, mviringo, inayokaribia vumi letu. Upande wa kulia ngozi ni nyembamba, hupigwa kwa yeolchae, ufito mwembamba wa mwanzi, na sauti yake ni kavu na ya juu, kama ya chapuo. Pande zote mbili kwa pamoja huitwa deong, kulia peke yake deok, kushoto peke yake kung. Mwanafunzi huyatamka maneno hayo kwa mdomo kabla hajaigusa ngoma.

Katika muundo wa msingi mshororo mmoja una mapigo matatu: deong katika hesabu ya kwanza, kisha pigo katika ya tano na jingine katika ya sita. Hesabu ya pili, ya tatu na ya nne huachwa tupu, au huguswa kwa ncha ya ufito tu. Tofauti ya mishororo inakaa katika ya tano na ya sita. Kwenye kusukuma na kuning'iniza, ufito hugusa kwa wepesi. Kwenye fundo, hugonga kwa ukali, na hapo ndipo mahali pekee katika ubeti ambapo ngoma inaruhusiwa kuwa na meno. Kwenye mfunguo, ufito hunyamaza na kiganja cha kushoto huweka mapigo mawili ya chini, yaliyolegea.

Mpigaji wetu alipiga mapigo manane au tisa kila mshororo. Sababu inaeleweka: sekunde tano za ukimya, kwa mtu aliyezoea muziki unaojaza kila nafasi, ni za kutisha. Akaweka midundo midogo katika ya pili, mviringo wa ufito katika ya tatu, kisha alipoona filimbi inapanda akapanda nayo. Midundo yenyewe ilikuwa mizuri na safi. Lakini hesabu ya tano na ya sita zilipofika hazikuwa na uzito wowote, kwa kuwa zilikuja kama pigo la saba na la nane katika mlolongo. Mshororo wa tatu na wa nne ukasikika sawa na wa kwanza. Ubeti ukapoteza kituo chake.

Kosa la pili lake halikuonekana kwa macho. Alikuwa akipiga katikati ya ngozi ya kulia. Kwenye uwanja, ngoma ikitembea na watu, hapo ndipo penyewe. Ndani ya chumba, mbele ya filimbi moja, ufito hugonga ukingo, pale ngozi inapokaribia pete, na katikati huhifadhiwa kwa nyakati za nguvu. Pigo la katikati lina sauti kali inayoangukia eneo lilelile la sauti ambamo utando wa filimbi hulia, hivyo kila alipopiga kwa nguvu aliifunika filimbi pale inapovunjika. Hata fundi wa sauti asingeweza kulitenganisha hilo.

Dawa yake ni ya kikatili kidogo: wapige beti nne mfululizo kwa mapigo matatu tu kila mshororo, ngoma ikikatazwa kabisa kuongeza. Mapigo 48, hakuna la 49. Baadaye nyongeza zirudi moja moja, na kila moja itetewe: inamsaidia nani, inajibu noti gani? Nyingi hazitarudi.

Pumzi, na kwa nini isifichwe

Filimbi hii hula hewa nyingi. Tundu la mdomo ni kubwa, ndiyo sababu sauti yake inaweza kupindwa kwa kuinamisha ala, lakini hewa nyingi hupotea. Kupuliza kuna daraja tatu: jeochwi, laini na ya chini, pyeongchwi, ya kati, na yeokchwi, ya nguvu, inayotoa sauti za juu. Katika daraja ya kwanza sekunde 10 za mshororo zinawezekana kwa pumzi moja. Katika ya tatu hapana.

Mpulizaji wetu alijiona ana deni la kufikisha kila mshororo hadi hesabu ya sita bila kukata. Alivuta hewa haraka haraka, kwa kificho, kwenye mpaka wa mshororo. Matokeo yake mapigo ya tano na ya sita ya ngoma yalitumbukia chini ya noti yake ndefu, na deong ya mshororo uliofuata ikakuta filimbi inahema. Mpangilio unaofaa ni kinyume: sentensi nyingi huishia au hufifia hesabu ya nne au mwanzoni mwa ya tano, mpulizaji anashusha ala kidogo, anavuta pumzi waziwazi, na ngoma inasema maneno yake mawili katika nafasi hiyo. Pwani yetu mpiga zumari husifiwa kwa kupuliza mfululizo huku akivuta hewa puani, na anastahili sifa hiyo. Hapa ustadi huo ungekuwa hasara. Pumzi inayosikika ni sehemu ya kilio, tena ndiyo mlango ambao ngoma huingilia.

Noti tatu

Mahadhi ya huzuni katika sanjo hukaa katika gyemyeonjo, aina ya ngazi ya noti, na kiini chake ni noti tatu. Kwa sol-fa wanayoitumia wanakwaya wetu, ni mi ya chini, la juu yake, kisha do inayoangukia ti. Kila moja ina tabia yake isiyobadilika. Mi hutetemeka. La husimama wima. Do huvunjika.

Mitetemo ya mi si ile ya filimbi ya Kizungu. Mpulizaji wa okestra hutetemesha karibu kila noti ndefu, mitikiso mitano au sita kwa sekunde, kwa misuli ya tumbo na koo. Hapa mtetemo hutoka kichwani na mikononi: kichwa na ala husogea, pembe ya hewa kwenye tundu hubadilika, na kimo cha sauti hupanda na kushuka waziwazi. Huanza polepole sana na noti ikiwa bado imenyooka, kisha hupanuka. Ukiwahi kuanza, mi inasikika kama inaogopa. Ukichelewa na ukapanua taratibu, inasikika kama mtu anayejizuia na kushindwa.

La haina mtetemo hata kidogo. Hii ndiyo noti iliyoharibiwa zaidi ukumbini, kwa sababu mpulizaji aliipa mtetemo uleule wa mi, tena mzuri, wa kujifunza miaka. Noti iliyotulia ndiyo sakafu. Mtu anayelia akiwa amesimama juu ya sakafu inayotikisika haonekani analia, anaonekana anayumba kama mlevi. Zoezi ni kuishika la kwa sekunde nane, kifaa cha kupimia sauti kikiwa mbele, sindano isisogee. Kisha kushuka mi, kuiacha inyooke kwa sekunde mbili, ndipo kuitetemesha.

Do ya kuvunjika ndiyo ngumu. Si noti mbili. Ni pigo fupi na kali kwenye do, kisha mtelezo wa nusu toni hadi ti ndani ya pumzi ileile. Kidole hakifungi tundu kwa kulipiga, hukunjuka juu yake, na wakati huohuo ala huinamishwa kidogo ili mdomo ulifunike tundu zaidi. Upungufu wa kawaida ni wa aina mbili. Mmoja ni kutumia vidole peke yake, do na ti zikatoka kama ngazi mbili safi. Hapo hakuna kilichovunjika. Mwingine ni kuteleza polepole ili ionekane ina majonzi, na ikatoka kama king'ora. Huzuni iko kwenye kasi ya mwanzo. Kitu kinavunjika ghafla, kisha kinatua.

Mpulizaji wetu aliifanya ya pili, tena karibu kila mshororo. Hilo ni tatizo jingine: noti ya kuvunjika ikitumika mfululizo inageuka kuwa pambo. Katika ubeti ulio sawa uzito wake umekusanyika katika mshororo wa tatu, pale ngoma nayo inapokuwa na ruhusa ya kugonga kwa ukali. Viwili hivyo vikikutana mara moja kila sekunde 40, msikilizaji anakaza taya bila kujua.

Walichokata

Ili wasizidi dakika nane, waliondoa mwanzo. Katika mikondo mingi jinyangjo haianzii kwenye gyemyeonjo. Huanza na ujo, mahadhi mapana, yenye kifua, yasiyo na noti ya kuvunjika. Wao waliona ujo haina huzuni, hivyo haina kazi msibani, wakaingia moja kwa moja kwenye kilio.

Huu ndio uamuzi mmoja uliowagharimu kuliko makosa yote ya mikono. Ujo ndiyo inayoonyesha mtu akiwa mzima. Sikio likishazoea noti zake zilizosimama, mi ya kwanza inayotetemeka huja kama habari. Bila ujo hakuna aliyeanguka kutoka popote. Kwa beti 12, mgawanyo unaofaa ni beti tatu au nne za ujo, halafu gyemyeonjo hadi mwisho, na mpaka kati yake usitangazwe kwa ngoma. Ngoma iendelee na mapigo yake matatu kana kwamba haijasikia kilichotokea. Kutojali huko kwa ngoma ni sehemu kubwa ya uchungu, kwa sababu msikilizaji anajua filimbi imebadilika, na dunia inaendelea na hesabu zake.

Ikiwa dakika ni nne tu, wapige beti sita kwa mpangilio uleule, mbili za ujo na nne za gyemyeonjo, au wachague kitu kingine.

Utando

Kati ya tundu la mdomo na matundu sita ya vidole, daegeum ina tundu jingine lililofunikwa kwa utando uitwao cheong. Ni ngozi nyembamba ya ndani ya tete. Huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, karibu na siku ya Dano, tarehe 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda ya mwezi, tete likiwa bado changa; hupitishwa kwenye mvuke, hukaushwa, na hugundishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama. Juu yake kuna bamba la chuma linalofungwa kwa uzi, na linaweza kusogezwa kufunua zaidi au kidogo. Mpulizaji akipuliza kwa nguvu, utando hutetemeka na sauti huvaa mkwaruzo, mlio wa kupasuka unaosikika hata nyuma ya ukumbi. Katika jeochwi haupaswi kusikika kabisa, au usikike kama mnong'ono.

Kwenye hafla ile kiyoyozi kiliwashwa saa tatu kabla. Utando ulikauka, ukakaza, na filimbi ikapoteza mkwaruzo wake juu. Mpulizaji, akiukosa, akaongeza nguvu kila mahali, ndipo mishororo ya kwanza na ya pili ikatoka kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa na pumzi ikamwishia mapema. Makosa mengi tuliyoyahesabu juu ya pumzi yalianzia kwenye kipande hiki kisichofika upana wa ukucha.

Utando uliokaza hupuliziwa hewa ya joto kutoka mdomoni, karibu, kwa dakika moja au mbili, kisha hujaribiwa. Usiporudi hubadilishwa: ule wa zamani hulowekwa ukang'oka, mabaki ya gundi hufutwa, mpya huloweshwa kidogo, gundi hupakwa kuzunguka tundu peke yake na si ndani, utando huwekwa ukivutwa sawasawa pande zote, na huachwa ukauke kabla ya kupulizwa. Gundi ikiingia katikati ya utando, hautalia tena. Utando uliolegea una hasara ya upande wa pili, hulia hata kwenye sauti za chini na kufanya la ile tulivu itoke na makovu. Mwenye kazi ya jioni hubadilisha asubuhi au jana yake, na huja na vipande vya akiba. Kubadilisha dakika kumi kabla ya kuanza ni kucheza kamari.

Ala yenyewe nayo ilitakiwa kuangaliwa. Ziko aina mbili. Ya muziki wa kasri ni ndefu, sentimita 80 hivi. Ya sanjo ni fupi, sauti yake iko juu zaidi, na matundu yake yanaruhusu kupindwa kwa wepesi. Mtu akipiga sanjo kwa ile ndefu anaweza kuzifikia noti zote, ila do yake itavunjika kwa uzito. Filimbi nzuri hutengenezwa kwa ssanggoljuk, mwanzi uliokua na hitilafu, wenye mifereji pande mbili, kuta nene na uwazi mdogo wa ndani ambao lazima utobolewe kwa kekee. Huo mwanzi wenye kilema ndio wa bei.

Ngozi, chumba na maikrofoni

Kiyoyozi kilifanya kazi yake kwenye ngoma pia. Ngozi ya kulia ilikaza na kupanda, ufito ukalia kama kijiko kwenye sahani. Kamba za janggu hupita kutoka pete hadi pete kwa umbo la V, na kila V ina kishikizo cha ngozi. Kikisogezwa kuelekea upande kamba zinapoachana, kamba hukaza, kikirudishwa kwenye ncha, hulegea. Vyote visogezwe kidogo kidogo kwa zamu, si kimoja hadi mwisho. Lengo ni ufito kusikika mkavu bila kuwa na kengele ndani, na kiganja cha kushoto kuacha sauti inayokaa kwa nusu ya hesabu hivi kisha ikafa.

Kwa watu mia hakuna haja ya maikrofoni. Ikilazimu, ya filimbi isielekezwe kwenye utando. Iwekwe mbele, mita moja au zaidi, juu ya usawa wa mikono, la sivyo mkwaruzo utazidi noti. Ngoma isipewe maikrofoni ya karibu; ya filimbi itaichukua vya kutosha. Na wakae karibu, ngoma iweze kuona mabega ya mpulizaji, kwa sababu hesabu ya kwanza ya kila ubeti haitolewi kwa kichwa bali kwa pumzi inayoinua bega. Wawili wale walikuwa mita tatu mbalimbali, kila mmoja na taa yake. Ilipendeza kwenye picha.

Liko jambo la sauti za mdomo. Mpiga ngoma huitikia kwa maneno mafupi, chuimsae, kama «jota» au «eolssigu». Mpigaji wetu alinyamaza kabisa kwa heshima ya msiba, na hapo alikosea kwa nia njema. Katika gyemyeonjo mwitikio huwa wa chini, karibu mguno, mara moja katika beti mbili hivi, mara tu noti ya kuvunjika inapotua. Ndiyo inayomwambia mpulizaji kwamba amesikika. Anayelia peke yake chumbani huacha upesi au hupiga kelele. Huyu wetu alipiga kelele.

Mazoezi ya wiki mbili kabla ya kurudia

Siku tatu za kwanza ala zikae kwenye mifuko. Mpulizaji aimbe mahadhi yote kwa mdomo, akigonga goti kwa mkono mmoja, hesabu 6 bila kuharakisha. Mpiga ngoma naye aimbe mahadhi hayohayo, si ya ngoma. Asiyeweza kuimba ubeti wa tano bila msaada bado hajastahili kuupiga. Wengi hukata kona hapa, na hukutana nayo tena jukwaani.

Kisha la na mi peke yake, asubuhi na jioni, kama ilivyoelezwa. Kisha beti nne za mapigo 48. Wiki ya pili warekodi kila siku na wasikilize jambo moja tu, hesabu ya tano na ya sita ya kila mshororo wa nne: je, filimbi iko kimya au imefifia? Je, kiganja kimesikika? Ubeti ambao jibu ni hapana urudiwe peke yake, si kuanzia mwanzo, kwani kuanza upya kila mara huwafanya wajue beti tatu vizuri na tisa kwa bahati. Mwendo upimwe mwishoni. Jinyangjo iliyoanza na 36 ikaisha na 44 imekimbia, na karibu kila mara anayeikimbiza ni ngoma, akitafuta pa kuweka mikono yake.

Linabaki suala la kumalizia. Katika sanjo kamili jinyangjo haina mwisho wake; huingia jungmori, sehemu inayofuata, ya hesabu 12, na mwendo huendelea kupanda hadi jajinmori, sehemu ya kasi, muziki mzima ukichukua dakika 20 hadi karibu saa nzima. Kukata baada ya sehemu ya kwanza ni kuacha safari njiani, kwa hiyo mwisho lazima utengenezwe. Filimbi ishuke kwenye la katika mshororo wa nne, jeochwi, bila mtetemo, iache hesabu ya nne. Ngoma iweke kung mbili, ya pili ndogo kuliko ya kwanza. Baada ya hapo kiganja kibaki juu ya ngozi, kimeilalia, mpaka mpulizaji ateremshe ala begani.